Je, Matarife Alitaka Lucero Afe?

Wiki iliyopita tulimwacha Lucero kichwa chini, miguu juu, shingo yake ikiwa katikati ya mapaja ya Matarife.

Wiki nzima mmenisumbua. Muuza nyama wa sokoni alikataa kunikatia mbavu mpaka nimwambie kama yule bwana alikufa. Nikamwambia asome gazeti kama watu wengine. Haya, tusipotezeane muda.

Wewe uliyechelewa, jina langu ni doña Cuca, mshona barakoa hapa Torreón. Hao wanamieleka wawili nimewashonea mimi: ya rangi ya fedha ni ya Lucero, kipenzi cha watu, na nyeusi ni ya Matarife, yaani Mchinjaji, ambaye mji mzima unamtemea mate. Jumapili ile walikuwa wanapigania barakoa. Atakayeshindwa anavua mbele ya kadamnasi, na siri ya sura yake imekwisha.

Don Abundio, mwenye ukumbi, alikuwa amemvuta Matarife pembeni kabla ya kengele. Lucero alikuwa anahamia ukumbi wa Monterrey na don Abundio hakutaka wenye ukumbi wa huko wafaidi.

"Asiende mzima," alisema.

"Hatakwenda kabisa, bosi," Matarife akajibu, mimi nasikia kwa masikio yangu haya. "Miaka ishirini nimeingoja siku hii."

Na sasa alikuwa naye mikononi.

Mtindo ule tunauita nyundo. Ni marufuku katika kila ukumbi wa nchi hii. Unampindua mtu, unambana, unakaa chini kwa ghafla, na shingo yake inapokea uzito wa watu wawili. Ukiupiga unapoteza pambano papo hapo, lakini mwenzako huenda akapoteza zaidi.

"Muue! Muue!" nusu ya ukumbi ilipiga kelele.

"Usimuue!" nusu nyingine ikajibu, na hakuna hata mmoja aliyeacha kutafuna. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ananyonyesha huku amesimama juu ya kiti aone vizuri. Niliwatazama nikaona haya kuwa jirani yao.

Matarife hakukaa chini. Nilihesabu mpaka kumi. Mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Don Abundio, kwenye kiti chake cha mbele, aliitikia kwa kichwa: maliza.

Matarife akamtazama bosi wake. Kisha akamshusha Lucero polepole, mgongo kwanza, kama mtu anayeshusha trei ya mayai.

Ukumbi ukazomea. Matarife, kuficha aibu, akamtemea mwenzake mate usoni.

"Mwoga wee!" mtu alifoka. "Mchinjaji gani huyu wa kuku!"

Lucero hakungoja kuhurumiwa mara ya pili. Aliruka akamtandika Matarife teke la miguu miwili kifuani, na Mchinjaji akapita juu ya kamba, akatua chini, karibu kabisa na miguu yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ninalolisema hapa halisemwi. Litanigharimu wateja.

Lucero alipendwa kwa kuruka. Alikuwa anakimbia kutoka kamba ya upande ule, anajirusha katikati ya kamba za upande huu kichwa mbele, anamwangukia adui aliye nje. Chini ni saruji tupu. Anayeruka hivyo hana cha kumzuia ila mikono ya yule anayemrukia. Umenielewa? Adui yako ndiye anayekudaka. Miaka ishirini, kila Jumapili, Matarife alimdaka Lucero, akaanguka naye chini huku anapiga mayowe ya maumivu, na watoto wakashangilia.

Lucero alipiga kamba ya juu makofi mawili. Hiyo ndiyo alama yao: nakuja.

Matarife akainuka, akapanua mikono. Watu waliona anamtisha. Mimi niliona anamwambia njoo.

Lucero akakimbia.

Hapo kikaja kikombe.

Samahani kwa mnaosoma mkiwa mezani. Ukumbini kwetu mtu akimaliza bia yake hainuki kwenda msalani, asije akapitwa na jambo. Anakijaza kikombe kile kile, palepale kitini, kisha anatafuta mkorofi, ndivyo tunavyomwita mwanamieleka wa upande mbaya, wa kumrushia. Barakoa ya Matarife nimeifua miaka ishirini, naujua mkojo wa mji huu.

Kikombe kilimpata machoni. Mikono yote miwili ikaenda usoni.

Lucero alikuwa ameshaondoka ardhini. Alipita kando ya bega la Matarife, akapiga kichwa kwenye ukingo wa kiti cha chuma, kisha kwenye saruji. Sauti ile sitaieleza.

Watu walishangilia kwanza. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Kisha Lucero akaanza kutapika.

Na hapa lawama inanirudia mimi. Barakoa ile ya fedha, yeye mwenyewe alitaka mdomo uzibwe kwa wavu, aonekane kama sanamu ya kanisani. Nikaziba. Na kwa kuwa lilikuwa pambano la barakoa, nilimfunga kamba za kisogoni mafundo matatu, nikayashona juu kwa uzi wa viatu asije akavuliwa kwa hila. Matapishi hayakuwa na pa kutokea. Yalirudi ndani. Tukaanza kumsikia anakoroma.

Daktari wa ukumbi alipiga magoti. "Anapaliwa! Nisaidieni nimvue hiki kitu!"

"Thubutu!" Obdulia, mke wa Lucero, alijitupa juu ya kichwa cha mumewe. "Atakayegusa barakoa hii namng'oa macho!"

"Bibi, mumeo anakufa."

"Aliniapisha kwa kaburi la mama yake! Azikwe nayo, alisema. Sura yake haionwi na mtu!"

"Don Abundio, mwambieni huyu mama," daktari alisihi.

Don Abundio alikuwa amevuta kiti karibu, amekunja nne. "Mimi nimwambie nini, daktari? Pambano linaendelea. Hamsikii refa anahesabu?"

Kweli, refa alikuwa anahesabu. Juu ya mtu anayekata roho, mtu mzima na shati lake la mistari alikuwa ananyanyua vidole: "Sita! Saba!" Ikifika ishirini Lucero yuko nje, ameshindwa.

Mnadhani watu wa ukumbi walimfokea refa? Walihesabu naye. Kwa pamoja, kama wako shule.

Matarife alikuwa amekwisha kurudi ulingoni kwa kupapasa kamba, macho yamefumba. Alichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Barakoa ya Lucero ilikuwa yake, Lucero mwenyewe alikuwa wa kuzikwa, na bosi alikuwa anatabasamu. Kila alichowahi kukitangaza mdomoni kilikuwa kinamjia bure bila yeye kunyoosha kidole.

"Kumi na mbili! Kumi na tatu!"

Nikamwona anageuza sikio. Alikuwa amesikia mkoromo.

"Nini hicho?" aliuliza. "Doña Cuca! Anafanya nini huyo?"

"Anapaliwa," nilisema.

"Si wamvue!"

"Hawataki."

"Hawataki nini? Mkasi! Mkasi wako uko wapi, mama?"

Ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Mkono wangu ulikuwa umeushika tangu daktari alipopiga magoti. Na nilisimama pale, mwanamke wa miaka sitini na moja, nikiwaza kwamba mshona barakoa akimvua mteja wake hadharani hatashona tena. Niliwaza hivyo huku mtu niliyempima kichwa tangu ana nywele akigeuka rangi shingoni. Mkiwa mnatafuta wa kumtemea mate, msiende mbali.

Matarife aliteleza chini ya kamba, akamsukuma Obdulia kwa bega, akapapasa kisogo cha Lucero. Vidole vikashindwa mafundo yangu. Akainama akatia meno.

"Anamng'ata!" ukumbi ulilipuka. "Anamla shingo!"

Viti vikaanza kurushwa. Kimoja kilimvunjikia mgongoni, hakuinua kichwa. Alitafuna uzi wangu wa viatu mpaka ukakatika, akaichana barakoa kuanzia kisogoni mpaka utosini, akaivuta. Kisha akamgeuza Lucero ubavu, akaingiza vidole viwili kooni mwake, akachokoa yaliyokuwamo na kuyatupa sakafuni. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Lucero akavuta pumzi.

Wapiga picha nao wakavuta pumzi, wakarukiana migongoni na kamera zao. Sura ya Lucero! Miaka ishirini kila gazeti limeitaka!

Basi Matarife akafanya jambo ambalo nimelitafakari mpaka leo. Alishika barakoa yake nyeusi, iliyolowa mkojo vile ilivyolowa, akajivua mwenyewe, akamfunika nayo Lucero macho na paji la uso, akaacha pua na mdomo. Kisha akawageukia wapiga picha na sura yake mwenyewe, mzee wa miaka hamsini, mwenye upara na jino lililovunjika linalotoka damu.

"Pigeni hii," alisema.

Refa akapiga mikono. Kumvua mwenzako barakoa ni kosa, Matarife ametolewa, mshindi ni Lucero del Norte! Kengele ikalia. Watu wakakumbatiana, wakalia machozi kwa furaha. Mshindi alikuwa amelala kwenye machela, miguu haitikisiki, amefunikwa barakoa ya adui yake. Yule mama wa kunyonyesha alimpitishia mtoto wake juu ya machela apate baraka. Niligeuka nikatapika na mimi.

*

Chumba cha kuvalia cha wakorofi kina bomba moja na dirisha lisilofunguka. Nilimkalisha Matarife kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamwosha macho.

"Ulitaka afe?" nikamuuliza.

"Si ulinisikia nikimwambia bosi?"

"Sikukuuliza ulichomwambia bosi, Eleuterio. Hilo nililisikia."

Kulitumia jina lake la nyumbani kulimfanya atabasamu, na tabasamu lile lilinichukiza, kwa kuwa lilikuwa la mtu aliyeridhika.

"Pale juu nilitaka," alisema. "Sikudanganyi. Nilipomshika kichwa chini nilitaka kweli, mpaka miguu ikanitetemeka kwa hamu. Unajua nimemdaka mara ngapi yule? Mbavu hizi zimevunjika mara nne, zote kwa kumdaka. Yeye anapelekewa maua, mimi narushiwa kile kikombe. Nikasema leo basi."

"Ikawaje sasa?"

"Nikaiwaza Jumapili inayofuata."

"Jumapili ya nini?"

"Ya kuamka. Naamka, nakunywa kahawa, navaa. Halafu nakwenda kupigana na nani? Na wale vijana? Nani atanichukia vizuri kama yule?" Alipenga damu kwenye taulo langu. "Lucero akifa, doña Cuca, mimi ni mzee mnene aliyevaa chupi nyeusi."

"Kwa hiyo hukumhurumia."

"Huruma itoke wapi? Simpendi. Sauti yake tu inanikera, anavyoongea kama padri. Ningemdaka leo, nimtukane kesho, nimdake tena Jumapili. Namtaka mzima ili nimchukie."

Nilitaka kumpiga na lile taulo. Kumbe mtu anaweza kuokoa roho ya mwenzake kama anavyoficha chakula cha kesho kabatini! Lakini nikakumbuka kitu.

"Na ule uzi ulivyoutafuna? Ukapoteza barakoa, ukapoteza jino. Hapo nako uliiwaza Jumapili?"

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Hapo sikuwaza kitu," alisema mwishoni, kwa aibu, kama nimemfumania.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Don Abundio aliingia na mpelelezi mmoja aitwaye Berlanga, mtu mrefu mwenye daftari, na nyuma yao waandishi watatu.

"Huyu hapa," don Abundio alisema. "Alitamka mbele yangu kwamba Lucero hataondoka hai. Nami nilimkanya, Mungu shahidi."

Mwone huyo! Nilimwambia ni mwongo, akanipita kama kiti.

"Don Eleuterio," Berlanga alisema, "watu elfu mbili walikuona unakwepa. Ulikwepa?"

"Sikukwepa. Nilirushiwa kitu machoni. Nilikuwa..." Akasita.

"Ulikuwa nini?" don Abundio alidakia, akawageukia waandishi. "Andikeni, vijana, andikeni. Ulikuwa unataka kumdaka? Sema! Waambie watu wa Torreón kwamba wewe na Lucero mnadakana kila Jumapili. Waambie watoto. Tunasikia."

Kalamu tatu zilikuwa tayari. Matarife alizitazama. Neno moja lingemtoa pale, na neno hilo hilo lingemfanya Lucero kichekesho cha nchi nzima, siku ile ile alipovunjika.

Akanyoosha mikono yake apewe pingu.

"Nilitaka kumuua," alisema.

*

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda kliniki na supu ya mahindi. Nilijua nikifanyacho. Lucero alikuwa amepata fahamu, na mtu mmoja duniani angeweza kumtoa Matarife gerezani, naye ni yeye.

Alikuwa amelala chali, shingo imefungwa chuma. Obdulia alikuwa amemfunika uso kwa leso nyeupe mpaka chini ya macho. Hata kliniki!

"Fidencio," nilimwambia Lucero kwa jina lake la nyumbani, "miguu vipi?"

"Haijaitika."

"Eleuterio wamemfunga. Wanasema jaribio la kuua, miaka kumi na tano. Mwambie mpelelezi ukweli."

Obdulia alikuwa anatazama ukuta.

"Kikombe kilimpata machoni," Lucero alisema polepole. "Nilikuwa hewani tayari. Nilimwona anapofuka. Nikajua nimekwisha."

"Basi! Liseme hilo, atoke."

"Niseme nini, doña Cuca? Kwamba yule ndiye aliyekuwa ananibeba miaka yote hii?"

"Ndiyo! Si ndivyo?"

"Nitakaa kwenye kiti cha magurudumu mpaka nife." Leso ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi zake. "Watu watakuja kuniona. Watauliza ilikuwaje. Nikiwaambia nilivunjwa na Mchinjaji, watavua kofia. Nikiwaambia nilivunjwa na kikombe cha mkojo, watacheka kabla hawajafika mlangoni."

"Yule alikutia vidole kooni ukapumua, mwanaharamu wee!"

"Mama, adabu," Obdulia alisema.

"Alikubali mwenyewe," Lucero alisema. "Nimeambiwa. Alisema alitaka kuniua. Mimi nitamkanusha kwa nini?"

Msomaji wangu, nimefua barakoa za wakorofi zilizojaa kila uchafu wa mwili wa binadamu, na sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona mbele ya leso ile nyeupe iliyopigwa pasi. Mmeniuliza katika barua zenu kama Matarife alitaka Lucero afe. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza swali la upande wa pili.

Berlanga aliingia na daftari lake. Alivua kofia mbele ya kitanda.

"Don Lucero, nisamehe, ni swali moja tu. Yule mtu alikuacha uanguke kwa makusudi?"

Lucero alinitazama mimi. Kisha akaitazama dari.

"Kwa makusudi," alisema.

Berlanga aliandika, akapiga mstari chini. Aligeuka kutoka, akaniona nimeshika bakuli la supu, akakumbuka.

"Na wewe, mama, ndiye mshona barakoa? Wanasema ulikuwa pale pale miguuni pao. Uliona lolote?"

"Huyu ni fundi wa nguo tu, mambo ya ulingoni hayajui," Obdulia alisema haraka, akanishika mkono. Kucha zake ziliingia. "Si ndiyo, doña Cuca? Barakoa zako zote unauza kwetu, kwa watu wetu. Si ndiyo, mama?"

Nililiweka bakuli mezani.

"Kaa, bwana mpelelezi," nikasema. "Geuza ukurasa mpya, ni maelezo marefu. Tuanze na jinsi wanavyodakana."

Nyuma ya leso, Lucero del Norte akaanza kulia kwa sauti.